Posta na Simu hadi Shirika la Posta: imefikaje hapa, na kikapu kinasafiri vipi hadi Ujerumani?

MsusiWaPangani

Wakuu, salaam. Naulizia kwa niaba ya kikundi cha wasusi wa vikapu vya ukindu. Kuna wateja Ujerumani na Marekani wanaotaka kikapu kimoja kimoja, si shehena. Kampuni za kimataifa za usafirishaji gharama yake inazidi bei ya kikapu chenyewe, kwa hiyo tunaitazama Posta.

Kabla ya kuanza tunataka kuielewa. Wazee bado wanasema "Posta na Simu", wengine wanataja "ya Afrika Mashariki", na benki nayo iliitwa ya Posta. Ni taasisi moja iliyogawanyika au ni nyingi tangu mwanzo?

La pili, ile namba ndefu ya kufuatilia mzigo, herufi zake zina maana gani? Mtu atajuaje kwamba mzigo umekwama forodha na haukupotea? La tatu, anwani: tuandike S.L.P., postikodi, au vyote? Nitashukuru majibu ya watu wanaoijua kazi.

KaratasiZaZamani

Mkuu, wazee wako sahihi wote. Kila jina walilokupa lina kipindi chake.

Pwani hii posta ilikuja kwa meli. Ofisi ya posta ya Kihindi ilifunguliwa Zanzibar 1868, ikafungwa mwaka uliofuata, ikarudi 1875. Kilichoirudisha ni meli: kuanzia 1872 kampuni ya British India Steam Navigation ilikuwa na mkataba wa kubeba barua kati ya Aden na Zanzibar, na 1879 waya wa simu za maandishi ukalazwa chini ya bahari ukipitia Zanzibar. Barua za bara zilifika hadi pwani kwa miguu. Wajerumani nao walikuwa na wakala wa posta Lamu kuanzia 1888, wakafungua Bagamoyo na Dar es Salaam 1890. Kutoka hapo matarishi walibeba mifuko kwenda bara kwa vituo, kila tarishi akimkabidhi mwenzake. Ofisi zilifuata boma, na baadaye zikafuata reli. Ndiyo maana hadi leo Posta ya mji mkongwe huikuti mbali na stesheni au ofisi ya mkuu wa wilaya.

Baada ya Vita vya Kwanza Tanganyika ikawa chini ya Waingereza, na tarehe 1 Januari 1933 posta za Kenya, Uganda na Tanganyika ziliunganishwa. Hapo ndipo panapotoka "ya Afrika Mashariki". Mwaka 1967, Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ulipogawanya mashirika, Reli ilikaa Nairobi, Bandari Dar es Salaam, na Posta na Simu makao makuu yakawekwa Kampala. Jumuiya ilipovunjika 1977 kila nchi ilibaki na majengo, mitambo na wafanyakazi waliokuwa ndani ya mipaka yake. Sisi tukaunda Shirika la Posta na Simu Tanzania.

Mgawanyo wa pili ndio uliounda hali unayoiona sasa. Sheria Na. 19 ya 1993 ilianzisha Shirika la Posta Tanzania, likaanza kazi 1 Januari 1994. Simu zikaenda TTCL, na usimamizi ukaenda kwa tume ambayo mwaka 2003 iliunganishwa na ile ya utangazaji kuwa TCRA. Akiba za wananchi, ambazo Posta ilizitunza tangu 1925, zilikuwa zimeshatengwa muda mfupi kabla kuwa Benki ya Posta. Benki hiyo ndiyo TPB ya baadaye, na tangu 2021 inaitwa Tanzania Commercial Bank. Ukienda leo na kitabu cha akiba cha marehemu babu, usipange foleni dirisha la stempu.

Watu wakilaumu Posta husahau jambo moja. Chini ya shirika la pamoja, faida ya simu ndiyo iliyolipia ofisi ya barua ya wilayani ambayo haiwezi kujilipia. Mwaka 1994 simu iliondoka na fedha zake. Posta ikabaki na wajibu wa kufika kila wilaya, na miaka michache baadaye simu za mkononi zikala barua za mtu kwa mtu. Kinachoiweka hai sasa ni nyaraka za taasisi, EMS (huduma ya haraka ya posta), vipeto (mizigo midogo isiyozidi kilo 2) vya biashara ya mtandaoni, kodi ya masanduku na ya majengo, na huduma za serikali zilizohamia kwenye kaunta zake kupitia vituo vya Huduma Pamoja. Kenya walifanya jambo la namna hiyo mapema: Huduma Centre ya kwanza ilifunguliwa ndani ya Posta Kuu ya Nairobi Novemba 2013.

StempuNaMihuri

Nyongeza kwa mkuu hapo juu, maana katika stempu mambo hayakufuata siasa sawasawa.

Tanzania ilitoa stempu zake za kawaida tarehe 9 Desemba 1965, lakini shirika bado lilikuwa la pamoja, kwa hiyo stempu hizo zilikubalika pia Kenya na Uganda. Stempu za matukio maalumu ziliendelea kutoka na majina ya nchi zote tatu hadi miaka ya katikati ya 70. Ukikuta bahasha ya 1968 yenye stempu ya Tanzania na muhuri wa Kisumu, usidhani ni ya kughushi. Zanzibar nayo iliendelea na stempu zake hata baada ya Muungano, hadi mwisho wa 1967. Wauzaji wa Kariakoo na wa mtandaoni huchanganya hili mara kwa mara na kupandisha bei za vitu vya kawaida.

DawatiLaNje

Nijibu la pili, kwa sababu hapo ndipo fedha hupotea.

Namba ya kufuatilia ina herufi na tarakimu 13, na mpangilio wake ni wa Umoja wa Posta Duniani (ule ulioanzishwa Bern tarehe 9 Oktoba 1874), si wa Tanzania peke yake. Herufi mbili za mwanzo zinataja huduma, tarakimu nane ni namba ya mzigo, ya tisa ni ya kuhakiki, na herufi mbili za mwisho ni nchi mzigo ulikoanzia safari: TZ, KE, UG, CN, DE.

Herufi ya kwanza ndiyo muhimu. E ni EMS. C ni kifurushi. R ni rejesta, yaani mzigo uliosajiliwa. V ni mzigo wenye bima ya thamani iliyotajwa. L ni kipeto kinachofuatiliwa. U ni kipeto cha kawaida kisichofuatiliwa: msimbopau upo kwa ajili ya forodha na takwimu tu. Mteja akikupa namba inayoanza na U na kulalamika kwamba "haionekani", si lazima mzigo uwe umepotea. Hiyo ndiyo huduma aliyoilipia.

Tarakimu ya kuhakiki hukusaidia kujua kama namba imenakiliwa vibaya au ni ya kubuni. Chukua zile nane, zidisha kwa mpangilio na 8, 6, 4, 2, 3, 5, 9, 7, kisha jumlisha. Gawanya kwa 11, chukua baki, litoe kwenye 11. Ukipata 10 andika 0, ukipata 11 andika 5. Mfano 12345678: 8+12+12+8+15+30+63+56 = 204. Ukigawanya kwa 11 linabaki 6, na 11 kutoa 6 ni 5. Kwa hiyo RR123456785TZ inakubalika, na ikiishia na tarakimu nyingine kabla ya TZ basi kuna kosa. Matapeli wanaotuma "namba ya mzigo" kwa WhatsApp mara nyingi hunaswa hapa.

Sasa njia ya mzigo. Kaunta wanaupokea, wanaupima na kuuskani. Unaingia kwenye mfuko kwenda kituo cha kubadilishana barua za nje, ambacho kwetu ni Dar es Salaam. Pale unakaguliwa, unafungwa kwenye mfuko wa nchi husika, mfuko unapewa lebo na hati, unakabidhiwa shirika la ndege. Kuanzia hapo hadi kituo cha kubadilishana cha nchi ya pili hakuna anayeuskani mzigo mmoja mmoja. Kinachosafiri ni mfuko. Ule ukimya kati ya "umeondoka kituo cha nje" na "umefika nchi unakokwenda" ni wa kawaida, na kama ndege inabadilishwa njiani ukimya huo hurefuka.

Ukifika, unaonyeshwa forodha. Ujumbe ukisema umewasilishwa forodha, subiri. Ukisema umezuiwa forodha, hapo kuna kinachodaiwa: kodi, ankara, cheti, au maelezo ya bidhaa. Usisubiri Posta ya huku ikusemee. Anayetakiwa kujibu ni mpokeaji, kule kule aliko. Ukiona umerudi kutoka forodha na kufika ofisi ya ugawaji, umebaki kuchukuliwa tu.

Fomu ya forodha: thamani isiyozidi DTS 300 (DTS ni kipimo cha fedha cha IMF; hizo ni kama dola 400) kipeto hubandikwa CN 22, zaidi ya hapo CN 23. Vifurushi hutumia CN 23. Siku hizi karatasi peke yake haitoshi. Maelezo yale yale lazima yaingizwe kwenye mfumo na kutumwa kabla ya mzigo kupakiwa, na Ulaya walianza kulikazania hilo kwa posta Machi 2021. Ukiandika "zawadi" au "mkoba" umejitafutia kurudishiwa. Andika hivi, kwa Kiingereza au lugha ya nchi unakotuma: ni nini, kimetengenezwa kwa nini, ni vingapi, uzito wa kila kimoja, bei, nchi kilikotengenezwa. Vikapu vya ukindu namba yake ya forodha ni 4602.19. Iweke.

Kuhusu kodi. Ulaya tangu 1 Julai 2021 kila bidhaa inayoingia inadaiwa VAT hata ikiwa ya euro tano, na mpokeaji hulipa pamoja na ada ya anayemletea, isipokuwa kama ulikwishatoza VAT kupitia mfumo wao wa IOSS, ambao unahusu mizigo isiyozidi euro 150. Marekani ule msamaha wa ushuru kwa mizigo isiyozidi dola 800 uliondolewa kwa nchi zote tarehe 29 Agosti 2025, na posta nyingi duniani zilisimamisha vipeto vya bidhaa kwenda huko wakati huo. Kwa hiyo kabla ya kupokea fedha ya mteja wa Marekani, uliza kaunta siku hiyo hiyo kama bidhaa zinapokelewa na ushuru unalipwa wapi. Mwambie mteja kabla hajalipa. Mpokeaji akikataa kulipa, mzigo hurudi, na kulingana na ulivyotiki kwenye fomu huenda ukadaiwa nauli ya kurudi.

MsusiWaPangani

Shukrani sana wakuu. Mawili ya haraka: kikapu chetu cha kawaida ni upana sm 40, kimo sm 35, uzito kilo 1.3. Hicho ni kipeto au kifurushi? Na kwa nini vitu kutoka China hufika hapa kwa nauli ndogo kuliko sisi kutuma mkoani?

DawatiLaNje

Kwa uzito ni kipeto, maana kikomo ni kilo 2. Kwa vipimo, hapana. Kipeto hujumlishwa urefu, upana na kimo visizidi sm 90, na upande wowote usizidi sm 60. Chako ni 40+40+35, yaani 115. Kitaenda bei ya kifurushi au EMS. Sukeni saizi ya pili yenye upana wa sm 25 na kimo cha sm 30, jumla sm 80, muipate bei ya kipeto hata mkiongeza karatasi ya kufungia. Au mfundishe ukindu ukubali kukunjwa: kikapu laini kisicho na fremu, kikilazwa, hubaki na unene wa sm 8 hivi, na sm 45 kwa 35 kwa 8 ni 88. Hapo umeponea chupuchupu, kwa hiyo pima baada ya kufunga, si kabla.

Kuhusu China: tangu mkutano wa Tokyo wa 1969 posta inayotuma huilipa inayopokea kwa kazi ya kugawa, na viwango hivyo kwa miaka mingi viliipa nafuu China kama nchi inayoendelea. Marekani ilitishia kujitoa, na mkutano wa dharura wa Geneva Septemba 2019 ukaruhusu nchi kujipangia viwango hatua kwa hatua. Nafuu iliyobaki leo inatokana zaidi na wingi. Mfuko uliojaa mizigo ya mji mmoja gharama yake kwa kila kipande ni ndogo, lakini kikapu kimoja cha kwenda Hamburg kinabeba gharama zote peke yake.

MwanaTudor

Salaam kutoka Mombasa. Nijibu la anwani, kwa sababu Wakenya na Watanzania hukoseana sana hapa.

Kwetu postikodi ni ya ofisi ya posta ambamo sanduku lipo. 00100 ni Posta Kuu Nairobi, 80100 Mombasa, 40100 Kisumu, 20100 Nakuru. Haisemi unakoishi. Chuo Kikuu cha Nairobi ni S.L.P. 30197-00100, na namba hiyo ya sanduku bila postikodi ni mashaka matupu, kwani S.L.P. 30197 huenda ipo na mahali pengine.

Tanzania postikodi ni ya kata. Tarakimu ya kwanza ni kanda, mbili za kwanza kwa kawaida ni mkoa: Tanga 21, Arusha 23, Mwanza 33, Dodoma 41, Mbeya 53. Zote tano zikikamilika umefika kwenye kata. Dar es Salaam huanza na 1, na Kivukoni kwa mfano ni 11101. Haihusiani kabisa na sanduku. Ile operesheni ya anwani za makazi iliyozinduliwa Februari 2022 ndiyo iliyoweka majina ya mitaa na namba za nyumba ambazo postikodi hiyo inazihitaji ili ifanye kazi mlangoni.

Kwa hiyo ukiandikia Kenya: jina, S.L.P. na postikodi yake, mji, KENYA. Ukiandikia Tanzania kwa sanduku: jina, S.L.P., mji, TANZANIA, basi. Mji usikosekane, sababu Posta ya Moshi na ya Tanga zote zina sanduku namba 100. Ukitaka mlangoni: namba ya nyumba, mtaa, postikodi, mkoa, pamoja na simu. Mifumo ya maduka ya nje inayolazimisha "zip code" iwekee ile ya kata, na S.L.P. iweke kwenye mstari wa anwani. Wengi hujaza 00000 au 255. Mfumo unakubali, lakini mashine ya kuchambua mizigo haina pa kuupeleka.

Na kodi ya sanduku ilipwe mwanzoni mwa mwaka. Sanduku lisilolipiwa hufungwa na barua hurudi zilikotoka, hata kama mwenye sanduku anapita pale kila siku. Kwa anayepokea kidogo, sanduku la kidijitali linalofungwa kwenye namba ya simu (kwetu MPost, kwao Posta Kiganjani) linatosha: ujumbe unakuja kwenye simu, unafuata mzigo.

KambaNaLakiri

Mwisho ni ufungaji na madai, maana hapo ndipo wauzaji wapya huumia.

Maboksi: mfuko wenye kipeto chako utarushwa na utalaliwa na mifuko mingine ya kilo 20 na zaidi. Ukindu hauvunjiki lakini hupinda, basi jaza tumbo la kikapu magazeti kavu yaliyofinyangwa. Ukaushe kweli kweli. Ukindu wenye unyevu ndani ya nailoni huota ukungu wiki mbili tu, na ofisa wa forodha akiona ukungu au mdudu hatakuwa na huruma. Usiweke mbegu, maganda wala udongo kama pambo. Mbegu zinataka cheti cha afya ya mimea kutoka TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu. Usitie pawabenki, manukato wala fedha taslimu ndani kama zawadi ya mteja, maana kwa kitu kidogo kama hicho mzigo mzima huzuiwa.

Anwani iandike mara mbili, nje na kwenye karatasi ndani ya boksi, pamoja na yako. Lebo ikichanika kituoni, wafanyakazi hufungua kutafuta hiyo karatasi. Namba ya simu ya mpokeaji isikosekane.

Usibandike stempu ukatumbukiza. Bidhaa ipelekwe kaunta, ishuhudiwe ikipimwa, na stakabadhi isomwe palepale: jina la nchi, uzito, na ile namba ya kufuatilia. Kosa la herufi moja likigunduliwa kaunta linarekebishwa kwa dakika mbili.

Madai: anayefungua ni mtumaji, katika ofisi alikotumia, kwa fomu ya CN 08, ndani ya miezi sita kuanzia siku inayofuata ya kutuma. Nenda na stakabadhi halisi, nakala ya fomu ya forodha na ushahidi wa bei. Bila stakabadhi hakuna dai. Rejesta iliyopotea hulipwa kiwango maalumu, hata ungekuwa umetuma dhahabu. Anayetaka thamani kamili alipe bima wakati wa kutuma. Kipeto cha U hakina fidia.

Kwa bei ya kikapu chenu, ningetuma kwa huduma inayofuatiliwa, si U, hata kama inaongeza shilingi elfu kadhaa. Na ndani ya nchi, kama mteja yuko mkoa wenye basi la moja kwa moja, basi litawahi. EMS iwekee nyaraka zenye sahihi na wilaya ambazo mabasi yanaishia njiani.